Kabla Hujabadilisha Programu ya Slaidi

Mjukuu wangu Achieng',

Hapa Migori nyanya yako amevuna karanga. Mimi pumzi inazidi kupungua. Unauliza kama uchukue toleo jipya la programu ya slaidi kabla ya mkutano wako.

Nikiwa kijana, niliwafundisha kina mama wa Homa Bay, kwa picha zilizochorwa kitambaani, kuchemsha maji ya kunywa. Nikaletewa projekta. Tukaziba madirisha ya kanisa kwa blanketi, picha zikang'aa, wote wakakodoa macho. Nikajiona bingwa.

Mama mmoja, Min Otieno, yaani mama yake Otieno, akapaza sauti: "Mwalimu, sinema yako tamu, lakini gizani utaniona nikiinua mkono? Mtoto wangu anaharisha!"

Nikang'oa blanketi. Tukamkimbiza mtoto hospitali, akapona. Nilisifiwa mimi, nikazipokea sifa. Lakini aliyestahili shukrani ni mama yake, aliyepaza sauti.

Baki na toleo unalojua kulisimamisha mtu akitaka kuuliza.

Babu yako anayekupenda