Maji Aliyokunywa Mama

S.L.P. 46,
9 Machi, 1974.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko, na wifi, na watoto? Kile kifua kimekuachia? Sisi ni wazima wa viungo tu, Kaka. Moyoni hatuna hali.

Najua baba mdogo amekuandikia kwamba dada alimuua mama kwa udaktari wake. Usiyameze hayo. Nisikilize mimi niliyekuwa humo ndani.

Dada unamjua. Alipokuwa mwanamke wa kwanza kuvaa koti la daktari pale hospitalini, wagonjwa walimtuma akamwite daktari. Aliwajibu daktari ndiye huyu, toa ulimi. Lakini kipindupindu kilipoingia, kazi yake kubwa haikuwa wodini. Kila akifariki mtu, alikwenda kwa wafiwa na daftari, akakaa nao chini, akauliza swali moja: marehemu alikunywa maji ya wapi? Watu wakamwita Bi Kalamu. Kwa majibu yao alijua kwamba kinachoua ni kisima cha nyuma ya soko, akakifunika na kukitia kufuli, akaleta bomba la maji yaliyotiwa dawa. Ufunguo akautundika nyumbani kwetu. Wiki tatu hakufa mtu.

Halafu akaugua mama. Asubuhi alianza kuharisha, jioni amekwisha. Dada hakumwachia mtu. Alimtundikia dripu mwenyewe.

Baada ya mazishi alinijia jikoni na daftari lake, kama anavyowaendea wafiwa wote. Akaniuliza lile swali. Nikamjibu, ya bomba tu. Akaniamini, akaandika.

Nilimdanganya. Mama alikuwa akilalamika kwamba maji ya bomba yananuka dawa, hayashuki kooni. Nikamwonea huruma. Nilichukua ufunguo, nikachota ndoo moja kisimani, nikammiminia mtungini.

Jibu langu likatoka nje. Baba mdogo akalitangaza sokoni, kwamba bomba la Bi Kalamu limemuua mama yake mzazi. Watu wakavunja kufuli, wakarudi kisimani. Tangu hapo wamekufa wanane, akiwemo fundi viatu jirani yetu na watoto wake wawili. Dada amesimamishwa kazi. Kutwa anayapima maji ya bomba akitafuta kosa lake, halioni, hali wala halali.

Jana nilishindwa kuvumilia, nikamweleza habari ya ndoo. Hakunigombeza. Alilikata jibu la zamani, akaandika jipya, kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama mama aliyaomba mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akafunga daftari, akasema, "Kumbe mama hakuniamini hata siku moja."

Kesho tunakwenda naye kisimani, nikawaambie watu ukweli. Wakinipiga, wanipige. Wewe mwandikie baba mdogo. Maneno yako huwa anayasikia.

Nisalimie sana wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Mungu akufunike huko uliko.

Nilitaka kuishia hapa, lakini kuna moja sikumwambia dada, na sijui kama nitaweza. Mama hakuyaomba yale maji. Aliyakataa mara mbili, akasema binti yake amekataza. Alikunywa kwa sababu nilimwambia dada ameruhusu.

Akupendaye siku zote,
Mdogo wako.