Korosho za Amiri Zibaki Nyumbani

Mama, shikamoo.

Uji wa Amiri uko kwenye chupa. Akimaliza, anawe mikono kwa sabuni kabla hujamleta chekechea.

Korosho ulizomtia mfukoni asubuhi nimezirudisha kabatini. Ulisema mtoto wa mkulima haendi kwa wenzie mikono mitupu. Ni kweli. Lakini jana darasani alimgawia mwenzie Sauda moja tu, mtoto wa watu akavimba midomo, pumzi zikambana, tukamkimbiza zahanati. Korosho zinamdhuru, Mama. Si deko.

~~Unisamehe kwa kukujibu.~~ Hapana. Nilikujibu, na nitakujibu tena.

Mwalimu ni mimi. Leo napekua mifuko yote mlangoni, naanza na ya mwanangu. Kisha pindo la kanga yako.

Mkaza mwanao