Chama Kimeteka Simu ya Mwanangu

Mshauri wangu, naleta kilio kwako. Jumapili ya kwanza ya mwezi uliopita, saa nne asubuhi, nilipoteza simu ya mwanangu. Sisemi kifaa, kifaa ninacho hapa mfukoni mwa aproni, nasema mazungumzo yenyewe, na walioninyang'anya si vibaka wa mtaani bali ni chama changu mwenyewe, tena wakiwa wamekalia makochi niliyoyapiga misumari kwa mikono yangu.

Mimi ni fundi makochi. Nilianza na nyundo ya kuazima kwenye kibaraza cha watu, leo nina karakana, mashine mbili za kushonea vitambaa na mafundi wanne, na sikubebwa na mtu, nasema haya usije ukadhani unaandikiwa na mtu wa kulialia. Kijana wangu wa mwisho ni askari, mpishi wa jeshi, na mwaka jana kikosi chao kilipelekwa kwenye vita ya nchi ya watu, mbali huko, vita ambayo hata wanaoishi jirani nayo hawakumbuki vizuri ilianzaje. Huko wana ruhusa ya simu mara moja kwa wiki, Jumapili, dakika kumi, zikiisha laini inakatwa anapewa mwenzake. Dakika hizo kumi ndizo zilizokuwa zinanivusha wiki nzima.

Sasa sikiliza. Mume wangu ndiye mwenyekiti wa tawi la chama, na wifi yangu, dada yake wa tumbo moja, ndiye katibu. Tangu vita hii ianze kuchacha chama kimepasuka katikati: mume wangu na wenzake wanasema wanajeshi wetu wamalize kazi kwanza ndipo warudi, wifi na wenzake wanasema warudi sasa hivi, na kila upande umeweka kufuli lake kwenye mlango wa ofisi ya tawi hadi hakuna anayeweza kuingia, basi vikao vimehamia sebuleni kwangu, maana wote wanakubaliana jambo moja tu, kwamba viti vyangu ni laini. Wa Kumaliza wanabanana saba kwenye kochi refu, Wa Kurudi wanabanana saba kwenye yale mawili mafupi, na kaka na dada waliolala kitanda kimoja utotoni hawasemezani ila kupitia kwangu.

"Ndugu mjumbe," ananiambia mume wangu, mume wangu wa ndoa huyo, "mwambie katibu asogeze miguu."

Wifi naye hata hanitazami: "Wifi, mwambie mwenyekiti kusogea kwa miguu yangu hakumo kwenye ajenda."

Jumapili hiyo simu iliita wakiwa wamejaa, mikono yangu imejaa gundi, nikabonyeza spika kwa kiwiko nimsikie mtoto. Kosa! Kijana akasema, "Shikamoo mama," na sebule nzima ikaitikia, "Marahaba!" Kabla sijafungua mdomo mume wangu kasimama, kafunga kifungo cha koti, kaanza: "Mpiganaji wetu shupavu, kwa niaba ya kamati ya siasa ya tawi, na kwa niaba yangu binafsi..." Salamu zake peke yake zilikula dakika tatu. Wifi akadai upande wake upewe muda sawa. Huyu anauliza, "Ushindi unauonaje huko?" Yule anauliza, "Si kweli kwamba vijana wamechoka?" Na mtoto, ambaye amekatazwa kusema lolote kuhusu vita, akajibu, "Viazi vinatosha, ila vitunguu vimechelewa." Upande wa mume wangu wakapiga makofi, eti viazi kutosha maana yake tunashinda. Upande wa wifi wakapiga makofi makubwa zaidi, eti vitunguu kuchelewa maana yake barabara zote zimefungwa na vijana wetu wamekwisha. Mimi nilitaka tu kujua kama kikohozi kimepona.

Jumapili iliyofuata nikakimbilia chumbani na simu, wakanifuata hadi mlangoni, wifi kashika daftari: "Wifi, toka nayo hapa, hiyo ni ajenda namba nne!" Na kweli ilikuwa ajenda namba nne, Mazungumzo na Mpiganaji, imepitishwa bila kupingwa, kitu pekee kilichopita bila kupingwa tangu chama kipasuke. Nikawahi kumwambia mtoto avae soksi mbili mbili maana visigino vyake hupasuka kwa baridi, na kwenye muhtasari wa kikao nimesoma kwa macho yangu haya: "Mama wa mpiganaji aliihimiza serikali iboreshe vifaa vya askari."

Lakini kilichonishikisha kalamu ni Jumapili iliyopita. Walikuwa bado wanapiga kura nani aanze kuongea, wamenyoosha mikono, wanahesabu kwa mara ya pili, kijana akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kuna kitu nataka kukuuliza. Wewe peke yako." Mume wangu akasema, "Uliza tu, mpiganaji, hapa sote ni familia." Tukamsikia mtoto anapumua. Kisha laini ikakatika. Mshauri, mara ya mwisho mtoto huyu kutaka kuniuliza kitu peke yangu alikuwa na miaka kumi na minne na alikuwa anataka kuacha shule. Tangu hapo nashona vitambaa upande wa nyuma ukiwa mbele.

Na sasa ndiyo wamenibana kabisa. Jumapili hii, baada ya simu, tawi linapiga kura ya azimio la kupeleka makao makuu, warudi au wamalize. Saba kwa saba, mimi ndiye wa kumi na tano. Juzi mume wangu akanisogelea kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa wachumba: "Mke wangu, ukisimama na sisi, dakika nne za simu ni zako." Jana wifi akaja karakana, akajifanya anapapasa vitambaa: "Wifi yangu kipenzi, sisi tunakupa sita, na spika tunazima." Leo asubuhi mume wangu kapanda, kafika tano. Mimi ni mtu wa hesabu, naona wazi kwamba wananinunua kwa dakika zangu mwenyewe, lakini pia naona kwamba sita ni zaidi ya tano, na bila hata moja sitajua mtoto anataka kuniuliza nini. Nikichukua sita mume wangu atanuna hadi mwakani. Nikichukua tano wifi ataacha kuniita wifi. Usinizungushe, mshauri, wala usiniambie nivumilie. Nijibu kwenye gazeti la Ijumaa, nilisome kabla sijafungua karakana saa mbili: tano, sita, au nini?

Fundi Makochi

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole sana. Nilianza kusoma barua yako nikicheka hadi mhariri akaja kuchungulia, nikafika pale mtoto aliposema "wewe peke yako", kicheko kikaniishia.

Sasa nikugombeze kidogo, maana umeyataka. Watu kumi na wanne hawarudi sebuleni kwa mtu kila Jumapili kama mwenye nyumba hawawekei chai. Hukuandika habari ya chai, lakini mimi sijazaliwa jana. Unawachemshia, unawapa sukari, unawapangusia meza, halafu unashangaa wamejisahau hadi wanaona na mtoto ni wa kwao. Mteja akija karakana akajilaza kwenye kochi ambalo hajalilipia, utamwacha alale hadi jioni? Utamwinua, tena kwa sauti. Sauti hiyo uliiacha wapi ulipovuka kizingiti cha nyumba yako?

Jambo la pili limeniudhi zaidi. Umeandika kurasa tatu, umenihesabia wajumbe, umenihesabia dakika, umenieleza nani kakaa kochi gani, lakini hakuna mahali uliposema wewe mwenyewe unataka nini kuhusu hiyo vita. Askari warudi au wabaki? Unaniuliza kura yako ina bei gani wakati hujaniambia ina maoni gani. Mumeo ana lake, wifi yako ana lake, na pengine kila mmoja anaamini kweli anachosema, siwadharau. Lakini katika sebule hiyo nzima anayemwona huko mtoto badala ya mpiganaji ni wewe, na ndiye uliyekaa kimya.

Kuhusu dakika: usichukue tano, usichukue sita. Ukipokea hata moja kutoka kwao umekubali kwamba zilikuwa zao za kugawa, na mwezi ujao watakupunguzia. Zote kumi ni zako na za mwanao.

Fanya hivi. Jumapili saa tatu, kabla hawajaanza kuingia mmoja mmoja na viatu vyao, chukua simu ikiwa na chaji, nenda karakana, ingia, funga kwa ndani. Usimuage mtu. Chai wajichemshie, watajua jiko linawashwaje. Simu ikiita usiguse spika, mikono yako iwe mitupu. Itikia salamu yake, kisha mwambie, "Haya mwanangu, niko peke yangu, niulize," halafu ukae kimya. Najua visigino vyake vitakuwasha ulimini, vumilia, vitasubiri dakika ya tisa. Huenda ameambiwa aongeze muda huko naye hajui aseme nini. Huenda amepata mchumba. Huenda anaogopa na hana wa kumwambia. Mimi sijui na wewe hujui, kwa hiyo usimkatize, na atakachokuuliza mjibu kama mama yake, si kama mjumbe wa kamati.

Ukimaliza kulia, au kucheka, nawa uso urudi nyumbani ukapige kura. Utakuwa umeongea na mtu aliyeko huko, jambo ambalo kamati nzima haijawahi kulifanya kwa mwezi mzima ingawa imemshikilia simuni. Inua mkono upande unaouamini. Mumeo akinuna, mwache anune, ananuna juu ya kochi zuri.

Na ninyi, Mwenyekiti na Katibu, najua mnalisoma gazeti hili, kila mmoja nakala yake. Mnataka kuiambia dunia vita ya mbali iishe namna gani, sawa, ni haki yenu, bishaneni hadi mkauke koo. Swali langu kwenu ni dogo na sitaki hotuba: mtamwachia mama huyu simu ya mwanawe, ndiyo au hapana? Jibu liwe mezani kwangu kesho Jumamosi kabla ya saa sita mchana, neno moja, karatasi moja, sahihi zenu wote wawili.