Keki ya Kipaimara Ilinuka Thina, Nami Natafuta Kompresa

Mpendwa Shangazi Selina, shikamoo. Naomba msaada wako, tena wa haraka, kwa sababu jambo la kompresa limeninyima raha na hapa nyumbani sina wa kumuuliza.

Mimi ni fundi seremala, naishi Lushoto, njia ya kwenda Kifungilo, na mwaka wa pili sasa nachonga visamaki vya mbao vya kuvulia, vile vinavyofungwa ndoano na kuburutwa majini ili samaki mkubwa adhani ni mlo, navichonga kwa vipande vinavyobaki kwenye vitanda na milango ya watu kisha namtumia Selemani wa Pangani anayepeleka watalii kuvua, ingawa mimi mwenyewe, Shangazi, sijawahi kuvua hata perege na bahari nimeiona mara mbili tu, ndiyo maana rangi naziiga kwa vinyonga wa huku kwetu, na Selemani anasema kolekole wanazipenda sana.

Sasa rangi hiyo haipakwi kwa mkono, inapulizwa kwa brashi ya hewa, kidude kama kalamu kinachounganishwa na kompresa, mashine ya kusukuma hewa, na kompresa sina, ila mke wangu Raheli anayo, ndogo, ya rangi ya waridi, ukubwa wa pasi, anayopulizia rangi keki za sherehe, nami nikawa naichukua kila Jumanne na Alhamisi akiwa mazoezi ya kwaya, nikimaliza naosha brashi yake kwa thina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi ya mbao, na kurudisha kila kitu kwenye boksi kama alivyokiacha. Shida ni kwamba mashine hiyo haina mtungi wa kuhifadhia hewa, hewa inatoka kwa kwikwi, na ukungu ukishuka inatema matone ya maji juu ya rangi mbichi, hata nimewahi kupeleka Pangani visamaki vyenye madoa ambayo sikuyakusudia, wakavisifia.

Rafiki yangu Nassoro wa gereji ana kompresa ya lita mia anataka kuiuza, akaniambia, "Fundi, mwanaume ananunua mashine inayobebwa na watu wanne. Hiyo ya shemeji ni ya kupulizia kucha." Nyingine nimeiona dukani Tanga, ina mtungi wa lita tatu, haina kelele, lakini ukiiweka karakana mteja atadhani unachemsha chai.

Kuna jambo lingine dogo, nalitaja tu ili unielewe vizuri. Mwezi uliopita Raheli alitengeneza keki ya kipaimara cha Glory, binti wa jirani yetu, akaipuliza rangi ya anga, na wewe unajua keki kwetu haiishii kwenye sahani, mtoto anawalisha watu mmoja mmoja, wazazi, mama wa ubatizo, mchungaji, majirani, MC ameshika kipaza sauti na kamera iko usoni, kwa hiyo hakuna anayeweza kutema, wote walimeza ile thina huku wanatabasamu, mchungaji akasema ladha ya namna hiyo hajawahi kukutana nayo, na zamu yangu ilipofika nikajua palepale ni kitu gani, nikameza, nikapiga makofi. Raheli alilia siku mbili, ya tatu akaenda sokoni kwa Mwanahawa, rafiki yake anayemuuzia rangi za keki, akamwambia mbele ya wateja kwamba anauza sumu, Mwanahawa akaapa rangi zake ni nzima, na tangu siku hiyo hawasalimiani, na Raheli anasema keki hatengenezi tena. Mimi naona nikipata kompresa yangu kimyakimya mambo yatatulia yenyewe. Je, ninunue kubwa au ndogo?

Fundi, Lushoto

SHANGAZI SELINA ANAJIBU

Marahaba, fundi. Pole kwa kwikwi za hewa.

Tuanze na kompresa, maana hilo ni jepesi. Ya Nassoro ni ya kupaka malori na kujaza matairi. Brashi ya hewa inataka hewa kidogo isiyokatika, na lita tatu zinatosha kabisa, mradi mashine iwe na kipimo cha kurekebishia presha na chujio la kunasa maji, kwa sababu ukungu wa Lushoto hauogopi mashine ya watu wanne. Aione mteja asiione, kolekole hajawahi kuuliza rangi yake ilipulizwa na mtungi wa ukubwa gani.

Ila hiyo mpya si yako. Ni ya Raheli, na brashi mpya juu, achague mwenyewe. Ile ya waridi imeshakaa kwenye vumbi la msasa na mvuke wa rangi, isisogee tena karibu na chakula cha mtu. Hiyo ndiyo yako. Ifungie chujio na kimtungi kidogo, iweke karakana pale wateja wanapoiona, na Nassoro akicheka mwambie Shangazi ndiye aliyekuchagulia.

Sasa tuseme ukweli. Umeniandikia kurasa kuhusu hewa, halafu mkeo aliyelia siku mbili ukamwita jambo dogo. Umelisha ukoo mzima thina, akiwemo mtoto aliyetoka madhabahuni muda huohuo, na shukuru Mungu hakuna aliyelazwa. Ulijua tangu tonge la kwanza. Ungeweza kusimama na kusema, "Jamani, acheni kula." Ukapiga makofi. Nimekuwa kwenye kazi hii miaka kumi na minne, waume waliokosa nimewasoma wengi, lakini aliyejipongeza hadharani wewe ndiye wa kwanza, na imeniuma.

Kumbe unachotaka kununua si kompresa, ni ukimya. Ukimya huo tayari unalipiwa na wanawake wawili ambao hawakukosea lolote, mmoja ameitwa muuza sumu, mwingine anaamini mikono yake imeharibika.

Fanya hivi. Mwambie Raheli nyumbani, mkiwa wawili, bila kutaja mtungi wala presha. Kisha nendeni sokoni kwa Mwanahawa wateja wakiwepo, kwa sababu alivunjiwa heshima wateja wakiwepo, na mwenye kusema awe wewe, si mkeo. Baada ya hapo nenda kwa wazazi wa Glory na kwa mchungaji. Watakucheka, na ni haki yao. Raheli akikasirika usimkatishe, hata kama atamaliza kusema siku ya Krismasi.

Na usijidanganye kwamba una muda. Wiki hiihii nimepokea barua nyingine kutoka Lushoto, ya mama mtengeneza keki. Anauliza ni kosa gani alilofanya, maana ameshajaribu kila kitu na haoni. Sijamjibu, kwa sababu jibu lake unalo wewe. Mpelekee leo.