Nambari za Wimbo wa Kisima

Jumatatu, 1 Julai 1996

Malori ya unga tena. Tulishusha tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mgongo unauma pale pale, chini ya mbavu. Nilipomaliza nilikwenda kwa Ayeeyo Dahabo kama kawaida. Kibanda chake cha chai kiko nyuma ya ghala. Ayeeyo ni nyanya kwa Kisomali, na wapakiaji wote hapa kambi ya wakimbizi ya Hagadera tunamwita hivyo, hata sisi tuliotoka mbali. Chai ya maziwa ya ngamia, iliki nyingi. Alinitazama nikikaa.

"Warya Wekesa, wewe nakaa kama ngamia mgonjwa."

Warya ni kumwita mwanamume, kama kusema ewe bwana. Nilicheka na mgongo ukaniadhibu.

Mjukuu wake Shukri alipita. Anafundisha shule ya kambi, na ni yeye peke yake anayeiweza ile kompyuta ya ofisini kwao. Amepata nafasi ya kusoma ng'ambo. Gari litamchukua Jumamosi ya wiki ijayo. Alitueleza haraka haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto. Ayeeyo aliosha kikombe kilichokuwa safi.

Jumatano, 3 Julai

Shukri hataki nguo wala zawadi ya safari. Anataka wimbo. Ni ule ambao Ayeeyo aliuimba kisimani alipokuwa msichana, upande wa Afmadow, huko Somalia. Mmoja anakaa chini ndani ya kisima, anajaza ndoo ya ngozi. Mwingine yuko juu na kamba. Wa juu anaimba mstari, wa chini anajibu, na jibu likisikika, kamba inavutwa. Mwaka mmoja vijana wengi walikuwa wameipeleka mifugo mbali, kwa hiyo juu alisimama yeye. Aliyekuwa chini ndiye aliyekuja kumwoa. Anasema aliipenda sauti kabla ya kuuona uso. Uso ulipotoka ulikuwa na matope mpaka masikioni. Anasema hakujuta sana.

Mzee huyo alifia njiani wakati wanakuja Kenya. Wimbo umebaki kwa mtu mmoja.

Basi leo Shukri alikaa na kalamu, Ayeeyo akafungua mdomo. Mistari miwili ilitoka, ikakauka. Akajaribu tena. Hakuna. Akamkasirikia Shukri, akaikasirikia na kalamu. Alisema wimbo huu haukai kwenye mkeka, unakaa kwenye kamba.

Mimi nikajifanya mwerevu nikasema kamba ninayo.

Ijumaa, 5 Julai

Siku ya kupumzika. Sikupumzika. Nilirusha kamba juu ya boriti ya ghala nikafunga gunia la mchanga. Mimi navuta, Ayeeyo amesimama karibu, mkono wake umeigusa kamba tu. Wimbo ulikuja wote. Aliimba sehemu ya juu, kisha akaishusha sauti kuimba ya mume wake. Sijui Kisomali cha kutosha lakini nywele zilinisimama.

Katikati alisimamisha kazi.

"Wewe nafuta kama nafuta mkia ya bunda. Bole bole. Chini kuna mtu."

Chini kulikuwa na mchanga. Nikavuta polepole hata hivyo.

Shukri aliandika mpaka vidole vikakakamaa. Karatasi moja ya juu, moja ya chini. Nampenda huyu nyanya. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, hakuna aliyewahi kunigombeza hivi kwa kuvuta kamba.

Jumapili, 7 Julai

Nimeiona kompyuta ikifanya kazi. Jenereta ya shule huwashwa kwa saa moja tu, mchana. Skrini nyeusi, maandishi meupe, hakuna picha. Shukri alianza na sehemu ya juu, akaipa jina. Halafu ya chini. Mahali mtu wa chini anaponyamaza aliacha mstari mtupu. Hunyamaza kwa sababu ameinama, anachota.

Akasema sasa ataweka nambari, ili mstari wa juu ujue jibu lake. Nilidhani ataandika moja, mbili, tatu mpaka mwisho. Aliandika herufi mbili tu, nl, kisha jina la wimbo, akabonyeza. Mistari yote ikashuka na nambari zake upande wa kushoto, zimejipanga kama magunia yaliyopangwa na mtu asiyechoka. Nilimwomba arudie. Akarudia, akanicheka.

"Adeer, unataka niweke nambari hata kwa wewe?"

Adeer ni baba mdogo. Ndivyo anavyoniita. Mimi niliishia darasa la saba na Kiingereza changu ni cha kusoma magunia. Lakini jambo hili nililielewa na lilinifurahisha siku nzima. Mashine ya kuchapa ililia kama cherehani mbovu, karatasi zikatoka.

Jumanne, 9 Julai

Siku mbaya.

Tulikwenda kumwimbia Ayeeyo kutoka kwenye karatasi. Shukri juu, mimi chini. Kisomali kinaandikwa kwa herufi zetu, kwa hiyo naweza kukisoma kwa kujikwaa. Tulikubaliana twende nambari kwa nambari. Ayeeyo alifumba macho. Mwanzo alikuwa anatikisa kichwa kwa raha.

Tulipofika tisa alifumbua macho. Kumi ikaharibika, na kila mstari baada ya hapo. Nilimjibu Shukri mambo ambayo hajauliza. Ayeeyo aliinua mkono.

"Basi. Mmeua mtu."

Akatueleza. Wa chini akijibu wakati ameinama, wa juu anajua ndoo tayari, anavuta. Ndoo inampiga kichwa. Mume wake alikuwa na kovu juu ya nyusi. Siku moja alijibu mapema kwa sababu alitaka kumchekesha msichana wa juu.

Aliingia ndani akatuacha. Shukri alilia, na hakulia kwa sababu ya karatasi. Alisema atafika huko na wimbo uliovunjika, na siku moja Ayeeyo hatakuwepo wa kuulizwa. Nilijua kosa ni kusoma kwangu. Chai iliyobaki niliimwaga mchangani.

Alhamisi, 11 Julai

Si kusoma kwangu. Shukri alinifuata ghalani nikiwa na gunia begani, hakungoja hata nilitue. Alinionyesha karatasi ya chini. Mistari mitupu ipo, lakini haina nambari. Mashine iliiona haina kitu ikairuka. Nambari tisa, iliyokuwa ya kimya cha yule mtu, ilipewa jibu la kumi. Kuanzia hapo kila jibu limetangulia.

Dawa anaijua. Ndani ya mashine kuna maelezo ya kila amri, aliyasoma jana mpaka umeme ukakatika. Kabla ya jina la wimbo unaongeza kistari na herufi b na a. Hapo inahesabu yote, pamoja na mitupu.

Lakini jenereta imezimika. Dizeli imekwisha. Pipa la shule limefika, liko kwetu ghalani, na karatasi yake imeshasainiwa. Mwalimu mkuu anasema litaletwa Jumatatu kwa mkokoteni wa punda. Jumamosi Shukri anaondoka. Nilimwomba. Akasema yeye hakatai, ila kesho ni Ijumaa, wenye mikokoteni hawafanyi kazi. Anayeweza kulifikisha alifikishe.

Nimetazama pipa. Pipa limenitazama.

Ijumaa, 12 Julai

Nimelifikisha. Nililiviringisha kutoka ghalani mpaka shuleni. Penye mchanga laini lilizama, nikachimba kwa mikono. Ayeeyo alitembea kando yangu na birika, akinigombeza njia nzima. Watu waliokuwa wanatoka msikitini walisimama kutazama. Mmoja akauliza kama nimeoa pipa. Ayeeyo alimjibu kwa Kisomali na yule mtu akaja kusukuma. Kisha wengine. Sikuuliza alimwambia nini.

Jenereta iliwaka. Shukri alikaa. nl, nafasi, kistari na ba, nafasi, jina. Akabonyeza. Wimbo ukashuka. Tisa ilikuwepo, na mbele yake hakuna kitu. Nyeusi tupu.

Ayeeyo hajui kusoma. Aliomba aonyeshwe. Shukri alimshika kidole akakiweka kwenye kioo.

"Hapa?"

"Hapo, ayeeyo."

Hakuondoa kidole kwa muda. "Anachota maji," alisema.

Shukri alizichapa upya karatasi zote mbili, tukaimba pale pale ofisini, jenereta ikinguruma. Juu na chini vilikwenda pamoja mpaka mwisho. Kwenye tisa nilifunga mdomo na Shukri akangoja. Ayeeyo alinimiminia chai mimi kwanza, kabla ya mwalimu mkuu.

Sasa siwezi kuinama kuvua viatu. Nitalala navyo.

Jumamosi, 13 Julai

Ameondoka. Karatasi amezikunja ndani ya nguo, hakuziweka kwenye begi. Alinishika mkono akasema, "Adeer, umwangalie." Nikasema ndiyo.

Ayeeyo hakupunga mkono. Gari lilipotoweka alirudi akawasha moto wa chai. Nilikaa naye. Nimeumia, na Shukri si ndugu yangu. Nilimfikiria mke wangu Nekesa na watoto kule Bungoma. Wao walinitazama nikiondoka, na sikuwahi kujiuliza waliwasha moto saa ngapi siku hiyo.

Alhamisi, 18 Julai

Malori leo, maharagwe. Mgongo umepoa kidogo. Msimamizi amenipa kazi ya kushona magunia yaliyochanika mpaka mwisho wa wiki.

Jioni kibanda cha Ayeeyo hakikuwa na mteja mwingine. Alikuwa anafuta vikombe na akaanza ule mstari wa kwanza, chini chini, nadhani hakujua kama anaimba. Nilijibu. Aliendelea kufuta, akaimba wa pili. Nikajibu huo pia. Kisomali changu ni kibaya lakini hakunirekebisha.

Aliimba wa tisa akiwa ameinua birika. Nilinyamaza. Alibaki hivyo, birika hewani, anasikiliza. Halafu akaimba wa kumi, nikajibu, akamimina.