Ngao ya Baba, Mkeka wa Babu

Mfaranyaki, Jumapili jioni, 1993

...na mpaka sasa nacheka peke yangu.

Wiki nzima baba alikuwa amegoma Festo asinioe. Eti kijana huyo wa Ruhuwiko ana jina la ukoo kama letu, na wenye jina moja ni ndugu, hawaoani. Nimelia mpaka macho yamevimba. Baba huku anajisifu kwa kila mteja kwamba sisi ni Wangoni wenyewe, tuliokuja na ngao kutoka kusini. Tangu afungue duka, ukutani kachorewa ngao ya ngozi ya ng'ombe, kubwa kuliko mlango.

Leo baada ya misa akaja shangazi, dada yake mkubwa. Hata shikamoo yangu aliiitikia huku anaikodolea macho ile ngao.

"Hii ya nani?"

"Ya babu yetu, dada."

"Babu yetu yupi? Yule aliyetekwa vitani akiwa mtoto? Huyo hakushika ngao. Alibeba mkeka wa mwenye ngao, na bwana wake huyo ndiye aliyempa jina la ukoo wake. Mwenye ngao ni babu wa akina Festo. Damu yetu na yao wapi na wapi?"

Baba akakohoa. Akapanga upya sabuni zilizokwisha kupangwa. Mwishowe akasema bila kunitazama, "Mwambie kijana alete wazee wake. Ila haya ya mkeka yaishie humu ndani."

Wasiwasi wangu ni siku wakwe watakapoikuta ngao yao ukutani kwetu. Na waione tu. Kilichoniozesha mimi ni mkeka.