Uso wa Mama Kwenye Kava la Tairi

Majengo, Sumbawanga
9 Agosti 1994

Kaka yangu Kasmir,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu Precious pamoja na watoto. Huku mimi kwa mwili sijambo. Duka linakwenda kwa kusuasua, wanangu wana mafua tu ya baridi, maana upepo wa Ufipa mwezi huu unaujua mwenyewe, hauna adabu. Baada ya salamu, shuleni tulifundishwa kuandika kwamba mengine yote ni mema. Leo siwezi kuandika hivyo. Nimekasirika, kaka. Nimechana karatasi nyingi nikitafuta namna ya kukuandikia bila kukutukana, na sina hakika kama hii nayo itapona. Shikamoo nimekupa kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu; heshima nyingine tutaiona baada ya wewe kusoma. Kaa chini kwanza, na usiwasomee rafiki zako.

Nianze na gari. Ulipokuja Pasaka tulikubaliana kwamba siku hizi biashara imeachiwa, kila mwenye nguvu zake afanye lake, na kwamba wageni wamechoka kupanga foleni huko kaskazini kutazama simba walewale. Wewe ungewatafuta wageni Arusha, mimi ningelitunza gari huku, na dereva Lugano angeliendesha. Wageni wangeshuka bondeni kuona Ziwa Rukwa, mamba wake na ndege wake, halafu wangepelekwa Kalambo kwenye maporomoko. Wazo lile nililipenda kuliko hata wewe mwenyewe. Ndiyo maana nilikubali ng'ombe wa marehemu baba wauzwe, na mama akakubali kwa sababu mimi nilikubali.

Ukaniuliza hiyo landrova tutakayonunua iongezwe nini. Nilikujibu kwa kirefu, maana mteremko wa Lyambalyamfipa naushuka kila msimu kufuata mpunga, na nimeshakaa kwenye tope lake nikila embe bichi na kumlaani dereva. Nikakwambia nyuma iwekwe springi nzito, matairi yawe ya kashata, yenye meno ya kung'ata tope, winchi iwe winchi inayovuta, kuwe na jeki ndefu, madumu ya maji na ya mafuta, na turubai zuri. Nikakwambia taa zake za kawaida zinatosha, kwa sababu hakuna mwenye akili anayeshuka mteremko ule gizani. Ukasema sawa mdogo wangu, nimekusikia.

Ulisikia nini, kaka? Gari lilipofika Majengo watu walitoka madukani kulitazama. Lina ngao mbele inayong'aa hata unaweza kujitazama ukisuka nywele. Lina taa safu nzima juu ya keria. Viti vimevishwa kitambaa cha madoa ya chui. Honi inaimba, na siku ya kwanza Lugano alipoibonyeza, mwanamke mmoja aliangusha beseni lake la maharage sokoni, nikamlipa mimi. Mbele kuna ndoano mbili nyekundu za kuvutia gari likikwama. Lugano alipoijaribu moja ikabaki mkononi mwake. Chini ya urembo wote huo springi ni zilezile zilizochoka, na matairi ni vipara vilivyopakwa rangi nyeusi. Nilipokupigia simu kutoka posta ukanijibu kwamba mgeni hununua kwa macho, na kwamba mimi ni mtu wa dukani, nibaki na sukari yangu. Wifi nilimsikia akicheka nyuma yako. Hilo nalo nililimeza, maana katika ukoo wetu mwanamke akizaliwa anafundishwa kumeza kabla ya kutafuna.

Kisha nikaenda Mbeya kufuata mzigo wa duka. Nyuma yangu wakafika wageni wa kwanza, mzungu mzee na mkewe, na kwenye basi lililowaleta kulikuwa na kifurushi chako chenye maagizo kwa Lugano. Alivyoagizwa ndivyo alivyofanya. Tunguri akazifunga kwenye ngao, mkia wa nyumbu akauning'iniza kwenye kioo, na kwenye tairi la spea, nyuma ya mlango, akalivisha kava ulilolichoresha Arusha. Namlaumu Lugano, lakini si sana. Yeye ni mtu wa Mbeya, Kiingereza hajui, na aliponieleza alisema uso aliutambua, ila alidhani mambo hayo tumekubaliana nyumbani, na dereva haulizi mambo ya familia ya watu.

Mimi nimelitazama kava lile mpaka macho yakauma. Picha yenyewe naikumbuka ulivyoipiga. Mama alikuwa jikoni kwake kijijini Kaoze, kule bondeni, anageuza samaki juu ya moshi, ukamtoa na kamera yako. Aliomba avae kitenge chake cha kanisani, ukasema hapana, hivyohivyo. Ukamvua kilemba. Ukamwambia atazame jua moja kwa moja, na mkononi ukampa kile kibuyu anachotunzia mbegu za maboga. Alicheka sana siku ile, akaniuliza mimi kama wajukuu watamtambua, kwa sababu wewe ulisema picha ni ya wajukuu. Sasa mchoraji wako ameufuta ule mcheko. Nywele amezisimamisha. Kibuyu cha mbegu amekichora kinatoa moshi. Na macho, kaka, macho ya mama yaliyoivishwa na moshi wa kutupikia mimi na wewe, ameyaongezea wekundu. Kama aliongeza kwa akili yake au uliagiza wewe, Mungu ndiye anayejua. Wewe umezaliwa nchi hii. Unajua kikongwe mwenye macho mekundu anaitwaje na wapumbavu, na anafanywaje.

Nilipokuwa bado Mbeya, Lugano alishuka na wageni hadi Kaoze. Akaegesha mashineni watu wanaposaga, kwa kuwa uliagiza gari lionekane. Watoto wakaanza kukimbia wakisema bibi Coleta yuko kwenye tairi. Watu wakajaa. Mwalimu Basil, ambaye huwa hakosi nafasi ya kuonyesha Kiingereza chake, akasimama nyuma ya gari akasoma maandishi kwa sauti, kisha akayatafsiri: Mchawi wa Ufipa, njoo umwone kwake. Nasikia mwanzoni walicheka. Halafu gari likawashwa, likaenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa mama, kama ulivyowaahidi wageni.

Wale wazee wawili hawakuwa watu wabaya. Walimwamkia vizuri, wakaomba kwa ishara waone kazi yake. Mama, na huruma yake, alidhani wanataka kuona mikeka. Akawatolea ukindu, akaketi akasuka mbele yao, nao wakapiga picha kila kidole kilipopita. Kijiji kizima kimesimama njiani kinatazama wazungu waliotoka mbali kuja kumwona mchawi, na mchawi anawafundisha kusuka.

Haya yote nilielezwa na Mboje. Unamkumbuka, yule Msukuma mfugaji jirani ya mama, ambaye ng'ombe wake hula mabua kwenye shamba letu naye humlimia mama kwa plau. Alipanda hadi hapa dukani, akakataa kiti, akazungumza akiwa amesimama na fimbo yake. Alisema mkewe Kabula ameacha kumpelekea mama maziwa, si kwa chuki, ila ameambiwa kwamba atakayeonekana anaingia nyumba ile atahesabiwa naye. Alisema tayari mawe yamerushwa juu ya bati, mchana kweupe, na mrushaji hakukimbia. Hilo la kutokukimbia ndilo lililomleta kwangu. Akaniambia jambo ambalo miaka yote ya ujirani hakuwahi kulisema: kwamba alihama Shinyanga baada ya mama yake mzazi kukatwa mapanga kwa sababu ya macho yake. Kule kwao, alisema, ilianza kwa maneno ya kunong'ona na ikachukua muda. Huku imeanza kwa picha, na aliyeitoa picha ni mtoto wa kumzaa, nani atabisha? Mvua zikichelewa mwaka huu watu watatafuta wa kumlaumu, na hawatatafuta mbali. Alipomaliza aliniomba radhi kwa ajili ya maziwa. Nikampa sukari ya watoto, akaenda zake.

Kesho yake nilishuka Kaoze kwa lori la mpunga. Mama nilimkuta anafagia. Ameshakonda. Alinipokea kwa furaha, akanieleza mambo kidogokidogo kama mtu anayesimulia ya jirani. Sala ya jumuiya ilikuwa zamu ya nyumba yake wiki ile. Alifagia uwanja, akatandika mikeka yake yote, akachemsha viazi na chai ya kutosha watu. Hakuja mtu. Hata katekista Polikarp, ambaye mama alimsimamia ubatizo wa mwanawe, alipita njia ya nyuma. Mama akasubiri mpaka chai ikapoa. Kisha akawasha mshumaa, akaianzisha rozari mwenyewe, akaiitikia mwenyewe, mafungu yote. Akaniambia huenda kulikuwa na msiba mahali na wenzake walisahau kumjulisha.

Kaka, nililia. Nililia mbele yake kama mtoto aliyechapwa, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Nikamwambia habari za kava. Akasema analijua, amelitazama, mchoraji si mzuri lakini sura anaiona ni yake. Nikamuuliza kama anajua limeandikwa nini. Akasema Basil anatangaza kuwa limeandikwa uchawi, ila Basil Kiingereza chake ni cha kubahatisha, watoto anaowafundisha hawafaulu. Yeye anaamini limeandikwa jina lake, na kwamba yeye ni mama yako. Akasema mtoto aliyenyonya kifuani kwake hawezi kuandika kitu kingine chini ya uso wake. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, nikaufunga. Si kwa kukuhurumia wewe. Wewe sikuhurumii hata kidogo. Ni kwamba asingenisadiki. Angesema namwonea kaka yangu wivu wa gari.

Basi sikiliza nilichofanya. Mama nilipanda naye hadi hapa Majengo. Lile gari nimelivua. Tunguri zako nimezitupa chooni. Ngao, taa na honi nimempa fundi mmoja wa huku mjini anayependa kung'aa kama wewe, naye amenifungia springi nzito na matairi ya kashata yaliyo mazima. Madoa ya chui nimeyang'oa, na kiti cha mbele nimekiwekea godoro dogo, kwa sababu mgongo wa mama haupendi mashimo. Madumu ya maji yapo, jeki ipo, turubai lipo. Sasa ndiyo gari la safari, lile nililokuomba. Kava nilitaka kulichoma. Mama akaninyang'anya, akalikunja, akalifunga ndani ya kitenge chake cha kanisani. Alisema ni kazi ya mwanawe, haichomwi.

Na safari ya kwanza ya gari hilo, kaka, ni hii. Barua hii haikuja kwa posta. Umeipokea mkononi mwa Lugano, na mama yuko ndani ya gari, ng'ambo ya barabara, mbele ya ofisi yako. Nimemwagiza Lugano asimfungulie mlango mpaka utakapomaliza kusoma. Hakuja kuishi kwako, usiogope, na wala hakuja kukugombeza. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba aletwe. Alisema hataki kutafsiriwa na Basil wala na mimi. Amekuja umsomee wewe kwa mdomo wako kilichoandikwa chini ya uso wake, ili akirudi Kaoze asimame mbele ya jumuiya awaambie mwanangu mwenyewe amenisomea, limeandikwa hivi.

Ukimdanganya, atarudi na uongo wako akiushika kama rozari, atasimama nao mbele ya watu ambao mawe wanayo tayari. Ukimwambia kweli, utamwona akiisikia. Sijui lipi ni jepesi kwako na sitakuchagulia. Ninachokudai ni kimoja: ukishamsomea, panda gari hilohilo urudi naye. Uingie naye kanisani Kaoze, useme kwa sauti yako mbele ya Polikarp na Basil na wote kwamba mchawi hayupo, kuna mama yako na kuna tamaa yako. Mboje amesema siku hiyo atakuja kukaa benchi moja na mama, ingawa yeye si mtu wa kanisa. Usiporudi naye, mama atabaki kwangu Majengo, na wewe utakuwa huna mdogo.

Nisalimie wifi Precious, mwambie kicheko chake cha kwenye simu nilikisikia. Wabusu watoto, bibi yao amewaletea mchele, na kila mmoja ana mkeka wake. Lugano mpeni chakula cha kushiba, ameendesha vizuri.

Sina la zaidi. Kunja barua uweke mfukoni, ufute uso, utoke nje. Mwamkie kwanza. Kitenge atakifungua mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,

Evodia